Kupanga kazi na wafanyakazi kwenye shamba la uyoga la biashara

Uyoga chaza ukishakomaa haungoji mtu. Kofia ambayo kingo zake zilikuwa zimejikunja asubuhi inaweza kuwa imetandazika jioni, na hapo bei yake imeshashuka. Ndiyo maana wasimamizi wengi hulalamika kwamba watu hawatoshi siku za mavuno. Mara nyingi, hata hivyo, shida hiyo ilianza wiki kadhaa nyuma, siku mifuko ya kuoteshea uyoga ilipojazwa malighafi, kwa mfano mabua au majani makavu. Kabla ya kuongeza vibarua, rekebisha ratiba ya kujaza.

Tuchukue mfuko wa kilo 2 za malighafi iliyoloweshwa, yenye unyevu wa asilimia 65. Ndani yake kuna gramu 700 kavu. Ukivuna uyoga mbichi unaofikia asilimia 70 ya uzito huo mkavu, mfuko utakupa gramu 490 hivi katika michumo mitatu (mara tatu ambazo mfuko huotesha uyoga), na mchumo wa kwanza mara nyingi hubeba karibu nusu yake. Shamba linalojaza mifuko 1,200 kwa mkupuo mmoja kila mwezi litazidiwa na takriban kilo 294 ndani ya siku chache za mchumo wa kwanza, kisha watu wakose kazi. Likijaza mifuko 300 kila wiki, mzunguko ukishakaa sawa litavuna karibu kilo 147 kila wiki.

Sasa geuza kilo hizo kuwa saa. Pima kasi ya wavunaji wako kwa siku kadhaa, ukijumlisha muda wa kukata vitako (sehemu ya chini ya shina), kupanga kwenye kreti na kupima kwenye mizani. Tumia kasi ya mtu wa wastani, si ya yule hodari. Tuseme ni kilo 10 kwa saa: kilo 147 ni kama saa 15 za kazi kwa wiki, ilhali kilo 294 zinadai zaidi ya saa 29 ndani ya siku tatu au nne. Tofauti hiyo ndiyo inayokufanya uite watu wasiojua kazi, na wasiojua kazi huacha vitako kwenye mfuko na kukanyaga kila mahali.

Hesabu ikikaa sawa, andika utaratibu. Kila kazi iwe na karatasi yake moja, ibandikwe pale kazi inapofanyikia, iwe na vipimo badala ya maneno kama "kiasi" au "vizuri". "Loweka vizuri" haimsaidii mtu. "Kamua kiganjani kwa nguvu: yatoke matone machache tu, yakichuruzika, anika tena" inamsaidia, kwa sababu maji yakizidi hutuama chini ya mfuko, hewa hukosekana, na malighafi huchacha na kunuka.

Vivyo hivyo kwenye mvuke unaoua vijidudu ndani ya mifuko iliyojazwa. Ikiwa mnafukiza saa 6, zianze kuhesabiwa pale kipimajoto kilichochomekwa kwenye mfuko wa katikati kinapofikia joto mliloweka, wala si pale moto unapowashwa. Mifuko ya katikati huchelewa sana kupata joto kuliko ya pembeni. Anayechochea aandike joto kila baada ya dakika 30. Kipimo kimoja kikikosekana, mifuko hiyo ifukizwe upya. Ni nafuu kuliko kupoteza mbegu, yaani nafaka iliyootesha nyuzi za uyoga.

Kazi inayostahili uangalizi kuliko zote ni kupanda mbegu. Karatasi yake inaweza kusomeka hivi:

1. Mifuko ipoe hadi chini ya nyuzi 28 za Selsiasi katikati. Gusa kwa kipimajoto, usikisie kwa mkono. Joto lililozidi huua mbegu.
2. Funga milango na madirisha. Futa meza, kijiko na glavu kwa spiriti ya asilimia 70. Hakuna moto karibu mpaka spiriti ikauke.
3. Kagua kila mfuko wa mbegu. Wenye doa la kijani, jeusi, au harufu ya uchachu utoke nje ukiwa bado umefungwa.
4. Watu wawili kwa meza: mmoja anafungua na kufunga, mwingine anaweka mbegu tu. Gramu 60 kwa mfuko wa kilo 2, yaani asilimia 3.
5. Andika kwenye mfuko: tarehe, namba ya mfuko wa mbegu, herufi za waliopanda.

Kijiko cha gramu 60 kipimwe kila asubuhi: weka vijiko 10 kwenye mizani, ugawe kwa 10, maana nafaka yenye unyevu zaidi huwa nzito zaidi. Zamu ikiisha, linganisha. Mifuko 100 ilipaswa kula kilo 6 za mbegu. Zikiisha kilo 7 na nusu, kuna kijiko kinachojazwa kupita kiasi, au kuna mifuko iliyopandwa bila kuandikwa. Ulinganisho huo wa dakika mbili hufichua mengi kuliko kumsimamia mtu kutwa nzima.

Alama za namba 5 ndizo zinazokuwezesha kujua kosa lilipotokea bila kumwonea mtu. Ukungu wa kijani ukianzia mdomoni mwa mfuko, angalia upandaji, au pamba ya mdomo iliyolowana. Ukitapakaa mfuko mzima, shaka kwanza mvuke. Ukizunguka tundu au mpasuko, tatizo ni ubebaji. Na mifuko yote iliyopata mbegu kutoka mfuko mmoja ikiharibika pamoja huku mingine ya siku hiyo ikiwa salama, kosa lilikuja na mbegu. Hesabu mifuko iliyoharibika kila wiki na uibandike ukutani kwa sababu zake. Mtu akilaumiwa kabla ya alama kusomwa, wiki ijayo mifuko mibovu itafichwa nyuma ya rafu.

Mwendo wa watu nao unahitaji kanuni. Siku huanza palipo safi na kuishia palipo chafu: chumba cha kupandia, chumba cha giza ambamo nyuzi za uyoga huenea mfukoni, vyumba vyenye mchumo mpya, mwisho vyenye mifuko iliyochoka. Hakuna kurudi nyuma siku hiyo bila kuoga na kubadili nguo. Aliyebeba mifuko iliyokwisha asipande mbegu hadi kesho yake. Nzi wa uyoga na vimbegu vya ukungu (chembe ndogo kama vumbi zinazoueneza) husafiri kwenye nguo, ndoo na visu, kwa hiyo kila chumba kiwe na kisu na kreti zake, zenye rangi yake. Mfuko uliokwisha utoke siku hiyohiyo na upasuliwe mbali na majengo.

Kwenye mavuno, mzozo mkubwa huwa ni lini kuvuna. Bandika picha tatu za uyoga wenu wenyewe: mchanga mno, tayari, uliopitiliza. Tayari ni pale kingo bado zimeelekea chini kidogo. Simamisha unyunyizaji saa chache kabla, maana uyoga uliolowa hupata madoa na kuoza haraka. Shika kishada chote, zungusha, vuta, kata kitako, weka moja kwa moja kwenye chombo kitakachokwenda sokoni. Kila mara uyoga unapohamishwa kofia hupasuka na muda hupotea. Ndani ya saa moja uwe kwenye ubaridi wa nyuzi 1 hadi 4.

Barakoa inayochuja vumbi laini ni lazima, tena iliyobana uso. Vimbegu vya uyoga chaza vinaweza kusababisha ugonjwa wa mapafu kwa wanaovivuta kila siku: kikohozi, homa, kubanwa kifua saa kadhaa baada ya kazi. Endesha feni dakika 15 kabla ya watu kuingia, na anayeanza kukohoa hivyo aondolewe vyumba vya mavuno na aende kwa daktari.

Malipo ya kilo peke yake yana hatari: mvunaji atauacha uyoga upitilize ili uwe mzito. Mshahara wa siku peke yake nao hupunguza kasi. Mpangilio unaofanya kazi vizuri ni mshahara wa msingi pamoja na nyongeza kwa kila kilo ya daraja la kwanza, huku kitako kilichoachwa mfukoni kikipunguza nyongeza.

Mgeni aanzie kwenye kupima na kujaza, ahamie mavuno, na kupanda mbegu kuje mwisho. Kila kazi ijulikane na watu wawili angalau, ili ugonjwa wa mmoja usisimamishe mifuko ya wiki nzima.

Mfanyakazi akipendekeza njia mpya, ijaribiwe kwenye mifuko 50 kando ya 50 ya kawaida, kitu kimoja tu kibadilike, na ilinganishwe hadi mchumo wa pili. Ikishinda, andika karatasi mpya yenye tarehe, na ile ya zamani itolewe ukutani siku hiyohiyo.