Anwani za IP Zinaposomeka Nchi Nyingine: Namna ya Kuzirekebisha

Malalamiko ya aina hii hufika kwenye dawati la huduma yakiwa na sura ya hitilafu ya mtandao. Mteja aliyeko Mwanza anatafuta jambo mtandaoni na kujibiwa kwa Kiromania, programu ya benki inakataa kumwingiza kwa madai kwamba yuko nje ya Tanzania, na huduma ya kutazama mpira inamwambia kuwa mechi hiyo hairuhusiwi kuonyeshwa katika nchi aliyomo. Fundi anakagua kebo, redio na ruta, anakuta kila kitu kiko salama na kufunga tiketi. Kesho yake mteja anapiga simu tena, na safari hii majirani zake watatu wana shida ileile. Kosa haliko kwenye mtandao hata kidogo. Liko katika hifadhidata za kampuni nyingine, ambazo zinaamini kwamba fungu la anwani linalotumika Mwanza lingali Bucharest, na mwenye ushahidi wa kuzisahihisha ni mwendeshaji wa mtandao huo.

Anwani ya IP haibebi taarifa yoyote ya mahali. Namba ya simu inayoanza na 255 hutangaza yenyewe kwamba ni ya Tanzania, lakini 192.0.2.15 haisemi chochote. Kwa hiyo kampuni zinazouza taarifa za mahali, kama MaxMind, IPinfo, IP2Location, DB-IP na Digital Element, hukisia kwa kuunganisha dalili: husoma kumbukumbu za sajili za anwani, yaani mashirika yanayogawa anwani na kuandika nani anazo, hupima muda ambao pakiti, vipande vya data, hutumia kwenda na kurudi, huchunguza majina ambayo waendeshaji wamezipa ruta zao katika DNS, mfumo wa majina ya mtandao, na hupokea masahihisho kutoka kwa watu mbalimbali. Kila kampuni huipa kila dalili uzito wake, ndiyo maana anwani moja inaweza kusomeka Mwanza kwa kampuni ya kwanza, Dar es Salaam kwa ya pili na Amsterdam kwa ya tatu, siku hiyohiyo.

Katika Afrika Mashariki tatizo hili lina chanzo chake mahususi, nacho ni uhaba wa anwani za IPv4, toleo la zamani la anwani za IP. Akiba kuu ya IANA, shirika linalosimamia anwani duniani, iligawa mafungu yake ya mwisho tarehe 3 Februari 2011, na AFRINIC, sajili ya Afrika yenye makao yake Ebène nchini Mauritius, iliingia awamu ya pili ya kumalizika kwa anwani Januari 2020, ambapo ombi moja haliwezi kuzidi /22, yaani anwani 1,024. Mtoa huduma anayekua hulazimika kukodi mafungu kutoka kwa wamiliki wa mbali, mara nyingi mafungu yaliyokwisha kutumika Ulaya au Marekani. Fungu kama hilo huja na historia yake, mfano wa nyumba ya kupanga ambayo bado inapokea barua za mpangaji aliyetangulia.

Kabla ya kumwandikia mtu yeyote, hakikisha unajua unachotaka kirekebishwe. Mwombe mteja akutajie anwani inayoonekana nje, si ile iliyomo ndani ya ruta yake, kwa sababu anwani zinazoanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 ni za matumizi ya ndani ya mtoa huduma na hazina maana yoyote kwa tovuti ya mbali. Kisha itafute anwani hiyo katika hifadhidata nne au tano, na usiishie kwenye anwani moja. Pima kadhaa kutoka kila /24, yaani fungu la anwani 256, unayoitangaza, maana kosa mara nyingi hugusa fungu zima, na wakati mwingine hugusa nusu yake tu kwa sababu mpangaji wa zamani alikuwa ameligawa. Andika jedwali la kila hifadhidata inasema nini, pamoja na tarehe ya kupima. Jedwali hilo litakuokoa wiki tatu baadaye, utakapotaka kujua nani amesahihisha na nani bado.

Yako pia makosa mawili yanayofanana na hili lakini dawa yake ni tofauti. La kwanza ni pale anwani inaposomeka Tanzania sawasawa, lakini imewekewa alama kwamba ni ya VPN au ya kituo cha seva. Benki na huduma za filamu huikataa kwa sababu hiyo, na kubadilisha nchi hakutasaidia kitu, bali unapaswa kuomba alama hiyo iondolewe. La pili ni la DNS. Mara nyingi mitandao ya kusambaza maudhui huchagua seva ya kumhudumia mteja kwa kuangalia seva ya DNS iliyouliza, si mteja mwenyewe. Ukiwaelekeza wateja wako kwenye seva ya DNS iliyoko Ulaya, watapelekewa video kutoka Ulaya hata kama kila hifadhidata duniani inajua kwamba wako Mwanza. Weka seva zako za DNS karibu na wateja, kisha upime upya.

Ukishajiridhisha kwamba kosa ni la mahali, anzia kwenye sajili. Huko ndiko kwenye kumbukumbu ambayo wengine wote huirejelea, na kuwasihi wakubaliane nawe wakati sajili inakupinga ni kupoteza muda. Fungua kumbukumbu ya fungu lako, iitwayo inetnum, au inet6num kwa IPv6, toleo jipya la anwani, uangalie sehemu ya country, yaani nchi, na anwani ya shirika. Kama fungu ni lako kutoka AFRINIC, unaweza kurekebisha mwenyewe kupitia lango la wanachama la MyAFRINIC. Kama umelikodi, kumbukumbu iko mikononi mwa mwenye fungu, pengine katika sajili ya Ulaya ya RIPE NCC au ya Amerika Kaskazini ya ARIN, na yeye ndiye atakayeandika mabadiliko. Ningemshauri kila anayekodi anwani aweke sharti hili ndani ya mkataba kabla ya kulipa: kwamba mwenye fungu atasajili kumbukumbu ndogo yenye jina la mpangaji na nchi ya matumizi, na atairekebisha kila atakapoombwa. Baada ya fedha kulipwa, barua pepe za namna hii huchelewa sana kujibiwa.

Sehemu ya country, hata hivyo, haitoshi. Sajili zenyewe hazihakikishi kwamba nchi iliyoandikwa pale ndiyo nchi zilimo kompyuta. Huenda ikawa nchi ya ofisi kuu ya kampuni. Wala haitaji mji. Pengo hilo ndilo lililozaa jiofidi (geofeed), faili la maandishi ambalo mwendeshaji hulichapisha mwenyewe akieleza kila fungu lake linatumika wapi. Muundo wake uliwekwa na RFC 8805, moja ya nyaraka za kanuni za mtandao, ya Agosti 2020, nao ni mwepesi: kila mstari una fungu la anwani, msimbo wa nchi wa herufi mbili, msimbo wa mkoa wa ISO 3166-2, jina la mji, na nafasi ya msimbo wa posta ambayo huachwa wazi, vyote vikitenganishwa kwa koma. Mtandao wenye wateja Mwanza, Dar es Salaam na Unguja unaweza kuandika hivi, tukitumia anwani zilizotengwa kwa ajili ya mifano:

# Jiofidi ya mtandao wetu
192.0.2.0/24,TZ,TZ-18,Mwanza,
198.51.100.0/25,TZ,TZ-02,Dar es Salaam,
198.51.100.128/25,TZ,TZ-15,Zanzibar,
203.0.113.0/24,TZ,,,
2001:db8:18::/48,TZ,TZ-18,Mwanza,

Faili lihifadhiwe kwa usimbaji wa herufi wa UTF-8 na liwekwe kwenye seva inayofikika kwa HTTPS, bila nenosiri na bila ukurasa wa kuthibitisha kwamba msomaji ni binadamu, kwa kuwa wasomaji wake ni programu. Misimbo ya mikoa itazamwe katika orodha ya ISO, isikisiwe. Kenya, kwa mfano, ilibadilishiwa misimbo yake baada ya kaunti kuchukua nafasi ya mikoa ya zamani, na sasa Nairobi ni KE-30, Mombasa KE-28 na Kisumu KE-17. Faili lenye msimbo wa mkoa uliokwisha kufutwa linaweza kukataliwa kimyakimya. IPv6 nayo isisahauliwe, kwa maana simu nyingi huitumia kwanza pale inapopatikana, na mteja ataendelea kulalamika ilhali IPv4 yake imeshakaa sawa.

Mstari wa nne katika mfano huo hautaji mkoa wala mji, na hilo limefanywa kwa makusudi. Fungu linalotumiwa na wateja wa simu kupitia tafsiri ya anwani linaweza kumbeba mtu wa Mwanza na mtu wa Mbeya kwenye anwani moja, hivyo mji wowote utakaoutaja utakuwa uongo kwa mmoja wao. Sema unachokijua kwa hakika, yaani nchi, na uache wazi usichokijua. Usahihi wa kubuni una madhara makubwa kuliko pengo. Mwaka 2016 iligundulika kwamba MaxMind, kila ilipojua tu kwamba anwani iko Marekani bila kujua mji, iliiweka kwenye nukta moja ya katikati ya nchi, na nukta hiyo ikawa imeangukia shamba moja karibu na mji mdogo wa Potwin katika jimbo la Kansas. Anwani zaidi ya milioni 600 zilikuwa zimerundikwa pale, na wakazi wa shamba hilo walisumbuliwa kwa miaka na polisi pamoja na watu wenye hasira, waliokuja kutafuta wezi na matapeli wasiokuwepo. Baadaye kampuni ilihamishia nukta hiyo katikati ya ziwa. Kwa sababu hiyohiyo usichapishe anwani moja moja ya nyumba ya mteja. Kiwango cha mji kinatosha kwa kila matumizi halali.

Faili likiwa tayari, linapaswa kuunganishwa na sajili, vinginevyo hakuna atakayejua kwamba lipo wala kwamba aliyeliandika ana haki juu ya anwani hizo. Utaratibu wa kuliunganisha umeelezwa katika RFC 9632 ya Agosti 2024, iliyochukua nafasi ya RFC 9092 ya mwaka 2021. Pale sajili inapokubali sehemu maalumu iitwayo geofeed, kama ilivyo kwa RIPE NCC, andika kiungo humo. Pale isipokuwepo, ongeza mstari wa maelezo katika kumbukumbu ya inetnum, neno Geofeed likianza kwa herufi kubwa na kufuatiwa na nafasi moja na kiungo:

remarks: Geofeed https://mtandao.example/geofeed.csv

Kumbukumbu moja iwe na kiungo kimoja tu. Msomaji anatakiwa kupuuza mstari wowote wa faili unaotaja anwani zilizo nje ya fungu la kumbukumbu iliyomwelekeza huko, na hapo ndipo imani ya mfumo huu inapotoka: hakuna anayeweza kuhamisha anwani za jirani yake. Ukimaliza, pima kazi yako kwa programu huria ya geofeed-finder, ambayo hufuata njia ileile watakayoifuata wasomaji wa kweli na kukuonyesha mistari wanayoikubali.

Baadhi ya kampuni zitaligundua faili zenyewe. Usizisubiri. Tuma masahihisho kupitia fomu ya kila moja, ukianza na ile ambayo huduma iliyomkataa mteja wako inaitumia. Kwa Google, watoa huduma wana lango lao la kuwasilisha jiofidi. Ujumbe uwe mfupi: fungu, mahali sahihi, kiungo cha jiofidi, na utumwe kutoka barua pepe ya kikoa kilichotajwa kwenye sajili.

Ukibishiwa, leta vipimo. Nuru ndani ya nyuzi za faiba husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde, hivyo kila milisekunde moja ya kwenda na kurudi inaruhusu umbali usiozidi kilomita 100. Kifaa cha kupimia cha RIPE Atlas, mradi wa RIPE NCC wa kupima mtandao, kilichoko Mwanza kikipata jibu kutoka kwenye anwani hiyo kwa milisekunde 2, basi anwani iko ndani ya kilomita 200 za pale, na haiwezekani kabisa iwe Bucharest. Kinyume chake hakithibitishi kitu: milisekunde 180 hazimaanishi kwamba anwani iko Ulaya, kwa kuwa pakiti kati ya mitandao miwili ya Tanzania zinaweza kuzunguka hadi London na kurudi pale mitandao hiyo isipokutana kwenye kituo cha kubadilishana trafiki. Majina ya ruta katika DNS nayo yasikupinge. Ruta ya Mwanza ikiwa na jina la zamani lenye herufi za Frankfurt, libadilishe.

Baada ya hapo kuna kusubiri, na mteja aambiwe hivyo waziwazi. MaxMind hutoa matoleo mapya ya hifadhidata zake zaidi ya mara moja kwa wiki, lakini benki au tovuti iliyopakua nakala itaendelea kusoma nakala yake mpaka itakapoipakua tena, na muda huo huwezi kuuharakisha ukiwa nje. Ikiwa hifadhidata zote zimesahihishwa na huduma moja bado inakataa, iandikie huduma hiyo yenyewe, ukiambatisha jedwali lako, na uwaombe wahuishe nakala.

Jiofidi ihuishwe siku ileile unapohamisha fungu kutoka mji mmoja kwenda mwingine, na ikiwezekana itolewe moja kwa moja na mfumo unaotumia kutunza anwani, kama NetBox, badala ya kuandikwa kwa mkono. Na mkataba wa kukodi unapokwisha, ondoa mistari ya fungu hilo na umwombe mwenye fungu afute kiungo chako kwenye kumbukumbu, ili mpangaji anayefuata, awe Kampala au Warsaw, asianze kazi yake kwa kusomeka Mwanza.