Jengo la zamani mjini: dalali anavyolichimba

Kazi yangu ni udalali wa fremu, Kisutu hadi Mtaa wa Samora, Dar es Salaam. Mteja anayetoa kilemba, yaani pesa ya kumlipa mpangaji aliyepo aachie fremu, hutaka kujua jengo lina umri gani na limepita mikononi mwa nani. "La siku nyingi, bosi" siku hizi haimtoshi.

Nenda Jumapili asubuhi, maduka yamefungwa na hakuna gari lililokuziba. Simama ng'ambo ya barabara, tazama juu ya mabango. Fremu za chini zimevunjwa na kupigwa vigae mara ngapi sijui, hazina ushahidi. Ushahidi uko juu, ukingoni mwa paa, ambako Wahindi wengi waliojenga kabla ya uhuru waliandika jina na mwaka.

Hapo kuwa makini. Mimi niliwahi kumwambia mteja jengo ni la 1990, na ngazi zake za mbao zimelika katikati kama kinu! Mzee wa Kigujarati wa duka la jirani alicheka hadi akavua miwani. Ule ulikuwa mwaka wa Vikram, kalenda ya Kihindu. Unatoa 57 au 56, kutegemea kama Diwali imeshapita, maana Wagujarati huanzia mwaka hapo. Kumbe jengo ni la 1933 au 1934.

Kisha jina la mtaa. Karatasi za zamani haziijui Samora. Mjerumani alipaita Unter den Akazien, Mwingereza akapaita Acacia Avenue, tulipopata uhuru pakawa Independence Avenue. Ukienda Nyaraka za Taifa na jina la leo peke yake, utarudi mikono mitupu. Mwombe mwenye jengo akuoneshe karatasi ya kodi ya ardhi, unakili namba ya kiwanja na kitalu. Kwa namba hizo unaomba upekuzi kwa Msajili wa Hati. Ada ipo, usiende mfuko mtupu.

Kwenye hati tafuta mwaka 1971. Mwaka huo serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Ndiyo maana wapangaji wa zamani bado wanasema "nyumba ya Msajili". Kama ni mojawapo, ya kilemba acheni, nendeni Shirika.

Mwisho, wazee. Shikamoo kwanza, na kahawa ulipe wewe. Usiwaulize jengo lilijengwa lini, watakubahatishia tu. Uliza: "Ulipofika hapa, chini kulikuwa na duka la nini?" Fundi viatu mmoja alinitajia maduka manne yaliyopokezana fremu moja, na la tatu alilikumbuka kwa sababu lilimfungia na viatu vyake ndani.