Ukingo wa kivuli: jaribio la kufanya nyumbani, hatua kwa hatua

Waulize watu kinachofanya kivuli kiwe na ukingo uliokatika sawasawa. Wengi watakujibu: taa kali. Nimelisikia jibu hilo darasani mara nyingi, na si kweli. Taa kali huongeza tofauti kati ya penye mwanga na penye giza, basi. Ukingo wenyewe unategemea upana wa chanzo cha mwanga pamoja na umbali. Tusibishane, zima taa ujionee.

Utahitaji chumba chenye giza, ukuta mweupe, tochi ya simu, karatasi nyeupe, kadi ngumu, penseli na rula. Kama tochi ya simu yako ina vitaa viwili vilivyopakana, ziba kimoja kwa utepe mweusi, la sivyo kivuli kitakuwa na kingo mbili mbili na utachanganyikiwa mapema.

Hatua ya 1. Simamisha simu mezani, mita 1 kutoka ukutani, tochi ikielekea ukuta. Weka penseli katikati, sentimita 50 kutoka kwenye tochi. Pima kivuli: upana wake ni mara mbili ya penseli. Mwanga husafiri kwa mstari mnyoofu, kwa hiyo miale inayogonga penseli inaishia hapo, na ile inayopita kandokando inazidi kuachana hadi ukutani.

Hatua ya 2. Sogeza penseli hadi sentimita 25 kutoka kwenye tochi. Sasa kivuli ni mara nne. Gawanya umbali wa ukuta kwa umbali wa penseli, vyote vikipimwa kutoka kwenye tochi, na jibu utakuwa nalo kabla ya kupima.

Hatua ya 3. Hapa usiharakishe. Shika karatasi sentimita 10 mbele ya tochi. Doa pana linalong'aa kwenye karatasi ndilo chanzo chako kipya. Rudisha penseli katikati: kivuli kimeyeyuka, pengine hukioni kabisa. Sasa isogeze penseli hadi ibakize sentimita 2 au 3 kufika ukutani, na mstari mweusi utajitokeza, umezungukwa na ukungu wa kijivu pande zote mbili.

Kila nukta ya lile doa inatengeneza kivuli chake, na vivuli vyote hivyo vinapishana kidogo. Vinapokutana vyote ni kivuli kizito. Vinapokutana baadhi tu ni kivuli hafifu. Ukitaka kuliona hilo kwa jicho, egemeza kisogo ukutani, fumba jicho moja, nyoosha mkono wenye kadi mbele yako na uisogeze polepole kutoka kando hadi ilifunike lile doa. Kadi ikikata nusu ya doa, jicho lako limo ndani ya kivuli hafifu. Doa likifichika lote, umeingia kwenye kivuli kizito. (Kamwe usifanye hivi kwa kutazama jua. Jicho litaharibika.)

Hatua ya 4. Toka nje juani na karatasi yako, ielekeze jua. Kipenyo cha Jua ni takribani kilomita 1,390,000, nalo liko kilomita milioni 150 kutoka kwetu, yaani umbali ni kama mara 108 ya kipenyo. Hiyo 108 ndiyo namba ya kukariri: kivuli kizito cha kitu hufika umbali wa mara 108 ya unene wake, kisha kinakwisha. Penseli ya milimita 7 inapaswa kupoteza kivuli chake kizito ikifika kama sentimita 75 kutoka kwenye karatasi. Unywele, ambao kwa kawaida unene wake haufiki hata milimita 0.1, unakipoteza kwenye kama sentimita 1 au kabla. Inua polepole uone.

Hesabu hiyohiyo inafaa kwa Mwezi. Kipenyo chake ni kilomita 3,474. Zidisha kwa 108 upate kama kilomita 375,000. Lakini umbali wa wastani wa Mwezi kutoka Duniani ni kilomita 384,400. Ndiyo maana kupatwa kamili kwa Jua huonekana kwenye ukanda mwembamba tu: ni ncha ya kivuli kizito inayopita, tena pale tu Mwezi unapokuwa umesogea karibu. Ukiwa mbali, ncha haifiki, na walio chini yake huona Jua limebaki pete.