Mti uweke kando, mrehani katikati
Mnaopanda mimea darini hapa Lamu, angalieni uzito. Juu ya jengo la manispaa ya Chicago, Marekani, kuna bustani iliyokamilika mwaka 2001. Sehemu kubwa ni mimea mifupi kwenye udongo mwembamba. Miti michache imepandwa pale tu penye nguzo chini yake. Nyumba zetu za mawe hubebwa na kuta. Boriti za mkoko zimelala juu ya kuta hizo, na katikati ndipo zinaponepa. Basi chungu cha mlimau kisogezeni ukutani kabisa, katikati wekeni vikopo vya mrehani na asumini changa. Tena, jamani, kila chungu kikalie vipande vya tofali, maji yasituame yakapenya chokaa: boriti huoza kwa ndani, usiione.