Kufunga GPS kwenye boda: anza na laini kwanza

Wakuu, wengi wakinunua GPS ya pikipiki wanahangaika na nyaya wakati shida kubwa iko kwenye laini. Kile kidude ni kama kisimu kisicho na kioo tu, kinajua kilipo kwa setilaiti halafu kinakutumia kwa intaneti ya laini uliyoweka ndani, laini ikifa na chenyewe kinakuwa bubu.

Kwa hiyo sajili laini mpya kwa NIDA yako, usichukue ya dereva, iweke kwanza kwenye simu ya kawaida, toa PIN ya kufungulia laini, jaribu kupiga, unga bando. Vile vya bei chee vingi vinashika 2G tu, sa chagua mtandao unaoshika vizuri mitaa inayozunguka boda yako. Data kinakula kidogo sana, bando dogo la mwezi linatosha, ila weka na salio la buku pembeni maana ukikiuliza kwa meseji kinajibu kwa meseji, bila salio utasubiri hadi ukome. Mi bando liliisha Ijumaa, ramani ikanionyesha boda imepaki Mbagala siku mbili nzima, nikampigia dereva nimewaka kweli kweli kumbe jamaa yuko Kariakoo anapiga kazi na hesabu, ile hela ya siku ya mwenye boda, alishatuma. Niliona aibu bana. Toka hapo nikifungua programu yake kwenye simu nacheki kwanza saa ya mwisho kilipotuma, ndo naangalia iko wapi.

Kufunga mpe fundi umeme wa pikipiki. Kawaida waya mwekundu unaenda chanya ya betri, mweusi hasi, wa chungwa unaenda kwenye swichi ya funguo ili ujue pikipiki imewashwa au la, lakini rangi zinatofautiana, fuata kikaratasi chake, na fyuzi usiache. Kifiche chini ya siti upande wa antena ukiangalia juu, plastiki haina neno ila chuma kikikaa juu yake kinaziba. Kujaribu toka nje kabisa, sio ndani ya banda la mabati, subiri dakika kadhaa.

Kwenye programu unaingiza IMEI, zile namba 15 za utambulisho wa kidude, halafu namba ya siri ya kiwandani ambayo mara nyingi ni 123456, ibadili siku hiyo hiyo. Washa na alamu ya kukatwa umeme, mwizi akichomoa betri kile kibetri cha ndani kinawahi kukushtua.

Kuna vyenye rilei, yaani swichi ya umeme, ya kuzima injini kwa simu. Hii kitu usiichezee boda ikiwa kwenye mwendo, mtu yuko katikati ya malori Barabara ya Mandela we unamzimia pikipiki kwa sababu ya hesabu? Subiri isimame.

Na dereva mwambie mapema kwamba umefunga. Wangu saivi ndo ananikumbusha bando likikaribia kuisha, hataki tena zile simu zangu za hasira.