Uniti za LUKU na Gari la Umeme: Kuchaji Nyumbani na Kukokotoa Gharama Dar es Salaam

Kabla hujaulizia bei ya gari la umeme, chukua risiti ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na ugawanye fedha ulizolipa kwa uniti ulizopata. Nyumba nyingi jijini zipo kundi la bei la T1, la matumizi ya kawaida, ambako uniti moja (kilowati-saa moja) ni shilingi 292, na ukijumlisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) ya asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) ya asilimia 1, unafika takriban shilingi 356. Usitumie risiti ya ununuzi wa kwanza wa mwezi, kwa sababu hapo hukatwa pia kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida, na hesabu yako itapinda.

Namba ya pili ni uniti ambazo gari linakula kwa kilomita 100. Dashibodi ya Nissan Leaf, gari nitakalolitumia kama mfano, huonyesha umeme uliotoka kwenye betri tu; ule unaopotea kama joto wakati wa kuchaji hauonekani pale, ilhali mita imeshauhesabu. Ndiyo maana mimi huamini mita. Huandika uniti zilizobaki kabla ya kuchomeka na baada ya kuchomoa, usiku ambao hakuna kingine kinachofanya kazi nyumbani isipokuwa friji. Kwa foleni ya Mwenge huku kiyoyozi kikiwa hakizimwi, weka uniti 20 kwa kilomita 100, na ukipata pungufu ya hapo ushukuru.

Sasa tuhesabu. Mtu anayetoka Tegeta kwenda Posta na kurudi hutembea kama kilomita 50 kwa siku, yaani kilomita 1,100 kwa siku 22 za kazi. Hizo ni uniti 220, sawa na shilingi 78,400 hivi. Gari dogo la petroli linalokwenda kilomita 11 kwa lita kwenye foleni ileile litahitaji lita 100, na tukichukulia lita moja ni shilingi 3,000, hiyo ni shilingi 300,000. Weka bei ya mwezi wako, kwa kuwa EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi. Kuna nafuu nyingine ambayo watu huisahau: ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na mzigo wake ukahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo asiyenunua mafuta haugusi. Sidhani kama hali hiyo itadumu milele.

Walio kundi la D1 wasome hapa mara mbili. Kundi hilo ni la wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, nao hulipa shilingi 122 kwa uniti pamoja na kodi. Gari pekee litakula karibu mara tatu ya kiwango hicho, na kila uniti inayozidi 75 hutozwa shilingi 350 kabla ya kodi, hadi utakapohamishiwa T1. Ukishahamishwa, uniti zilezile 75 za taa, friji na pasi, ambazo zilikugharimu shilingi 9,150, zitakugharimu takriban shilingi 26,700. Tofauti hiyo ya takriban shilingi 17,550 ni gharama ya gari, hata kama haiingii garini, na iandikwe huko.

Baada ya hesabu, kagua waya. Kebo ya kuchajia inayokuja na gari kutoka Japani imetengenezwa kwa volti 200 na plagi yake haiingii kwenye soketi zetu. Usiiungeunge kwa adapta, nunua kebo ya volti 230 yenye plagi ya pini tatu na kichwa kinacholingana na tundu la gari lako. Kwa ampea 10 kebo hiyo huvuta kilowati 2.3, hivyo uniti 10 za safari ya siku hurudi kwa saa nne na nusu. Birika la umeme huvuta sawa na hapo au zaidi, lakini kwa dakika tatu. Gari huvuta kwa saa nyingi mfululizo, na hapo ndipo soketi dhaifu huumbuka. Wiki ya pili ya kuchaji kwangu, nilipochomoa plagi alfajiri pini zilikuwa za moto kiasi cha kutoshikika, na uso wa soketi ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Fundi aliyejenga nyumba alikuwa ameunganisha soketi hiyo kwenye waya mwembamba uleule wa jikoni. Tangu hapo gari lina laini yake peke yake kutoka kwenye meini swichi: waya wa milimita 4 za mraba, sakiti breka yake, kifaa cha kukata umeme unaovuja, na waya wa ardhi uliopimwa, si uliochomekwa tu mchangani. Ekstensheni ni marufuku.

Kuchaji usiku hakupunguzi bei, kwa kuwa T1 haina bei ya usiku. Faida yake ni kwamba baada ya saa nne usiku nguvu ya umeme mtaani huwa imetulia na betri imepoa. Leaf ya kizazi cha kwanza na cha pili haina mfumo wa kupoza betri kwa maji, na joto la Februari hapa ndilo linaloizeesha. Kwa hiyo usichomeke gari lililotoka juani, na kwa siku za kawaida lichaji hadi asilimia 80. Kabla ya kununua, pima afya ya betri kwa kifaa cha OBD, kinachochomekwa kwenye tundu la uchunguzi la gari, na programu ya simu ya LeafSpy. Betri iliyochoka ndiyo gharama kubwa kuliko zote, na kila mwezi mimi huiwekea kando nusu ya nilichookoa kwenye petroli.

Mpangaji wa nyumba yenye LUKU moja asianze kwa kuchomeka kimyakimya. Azungumze na mwenye nyumba, afunge mita ndogo kwenye laini ya gari, na kila Jumapili asome namba mbele ya wenzake. Ugomvi wa mchango wa umeme huanza na uniti tano. Umeme ukikatika, usikimbilie jenereta: dogo la petroli hutoa uniti mbili hivi kwa lita, kwa hiyo kilomita 100 zitakula lita 10, zaidi ya gari la petroli lenyewe.

Matengenezo ni machache. Hakuna oili ya injini wala plagi za kuwashia, na breki hudumu kwa sababu mota hupunguza mwendo yenyewe. Tairi huisha mapema kidogo kutokana na uzito. Kinachowashangaza wengi ni betri ndogo ya volti 12: ikifa, gari lenye chaji ya asilimia 90 haliwaki, kwa hiyo weka waya za kubusti kwenye buti.