Kuvuna na kukausha ushishi wa porini

Kabla ya kubeba tenga, jua mkwaju, mti unaozaa ushishi (yaani ukwaju), umesimama kwenye ardhi ya nani. Ngitili (eneo la malisho na miti lililotengwa na kuhifadhiwa) ya ukoo huombwa kwa mwenyewe. Ya kijiji huombwa kwa kamati ya maliasili, na atakayeingia bila ruhusa asishangae akitozwa mchenya, yaani faini ya kimila. Misitu ya hifadhi ya Serikali iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mazao yake, ushishi ukiwemo, yanataka kibali kwa mujibu wa Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002. Rubondo na Saanane, visiwa vya Ziwa Victoria, ni hifadhi za taifa: huko huokoti hata tunda lililojiangukia.

Msimu ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba. Rangi ya ganda hudanganya, kwa sababu tunda bichi nalo huwa na ukahawia kwa nje. Gonga kwa ukucha. Lililoiva hulia kama kitu kitupu, maana nyama imesinyaa na kuachana na ganda. Bichi hulia kwa uzito, na ukilikwangua unakuta ukijani. Ushishi uliovunwa mbichi hauivi nyumbani. Utakauka, lakini utabaki mkali wenye ukakasi, na mteja akiuonja mara moja harudi.

Tandaza turubai chini, kisha tikisa tawi kwa mkono au kwa mti wenye ndoano. Usipige kwa fimbo: fimbo huvunja vichipukizi vya ncha, na maua ya mwaka unaofuata hutoka huko huko. Kukata tawi zima ili kurahisisha kazi ni ujinga, kwani mkwaju ulioota kwa mbegu huchukua takribani miaka 7 au zaidi kabla ya kuzaa. Yaliyolala ardhini siku nyingi yaache. Yamenyonya unyevu na mengi yana matundu ya fukusi.

Anika matunda siku 1 na maganda yake ili yavunjike kirahisi. Menya, vuta zile nyuzi tangu kwenye kikonyo, halafu toa mbegu kwa kisu. Hapa wengi huchoka na kuacha mbegu ndani, ndiyo maana gunia linaloonekana zuri mwezi wa nane linatoa wadudu mwezi wa kumi na mbili: fukusi huishi ndani ya mbegu. Usitegemee uzito mkubwa. Nyama tupu ni kama nusu ya tunda zima, mara nyingi pungufu.

Rudisha nyama juani siku 3 au 4, juu ya turubai lililotandazwa kwenye mwamba. Miamba ya Mwanza hushika joto hadi jioni na kazi hiyo inaijua. Ingiza ndani kabla ya umande, maana unyevu wa ziwani usiku hurudisha ulichokausha mchana. Na usianike jirani na dagaa. Ushishi unaonata hushika harufu hiyo, na hakuna namna ya kuiondoa.

Umekauka ukiubonyeza ukanata bila kulowesha kidole. Changanya gramu 100 za chumvi kwa kilo 1, shindilia kwenye mfuko mzito wa plastiki mpaka hewa itoke, funga, weka pasipo na jua. Utageuka mweusi kadiri muda unavyokwenda. Huo si uozo. Ukungu mweupe wenye harufu ya chachu ndio uozo, nao unatokana na kufunga mapema.

Kwa matumizi, loweka kilo 1 katika lita 2 za maji ya uvuguvugu kwa saa 1 au 2, kamua, chuja. Tumia ndoo ya plastiki au chungu. Sufuria ya alumini haifai, asidi ya ushishi huila na kuacha ladha ya chuma. Kwenye uji, tia ushishi mwishoni, uji ukishaiva na umeuepua. Ukiutia mapema, asidi ikichemka na unga huvunja wanga na uji unakuwa maji, hata uongeze unga kiasi gani. Maziwa usiyachanganye humo, yataganda mabonge.